Amekataa Kutia Sahihi

Miaka ishirini na sita nimebisha milango ya Mombasa,
bahasha ya kaki kwapani, pedi ya wino mfukoni,
na kalamu mbili, maana moja
lazima ibaki kwa mdaiwa.

Naijua milango.
Wa Kibokoni una komeo la mbele na njia ya uani:
unabisha huku, mtu anatokea kwa jirani kule.
Wa Mikindani ni wa bati, ukigonga mtaa mzima umeitwa.
Kizingo mlango ni askari: "Una miadi?"
Na Mlaleo palikuwa na mbwa aitwaye Hakimu,
aliyenisomea hukumu yangu hapa, juu ya kisigino.
Kovu lipo, mahakama ikitaka kielelezo.

Mtoto ndiye hutangulia.
"Mama amesema hayupo."
"Hayupo toka lini?"
Anageuka, anauliza ndani:
"Mama, haupo toka lini?"

Samansi nimezibandika kwa gundi,
kwa uji wa muhogo gundi ilipokwisha,
kisha nikaapa kwa maandishi:
Nilimkuta saa nne kasorobo. Nilijitambulisha.
Alipokea nakala, akakataa kutia sahihi.

Sitajisafisha. Viko viapo nilivyoviandika
nimekaa kibandani kwa Mwanapili, Mwembe Tayari,
mahamri mawili, chai ya tangawizi,
na mdaiwa yuko Voi, wala sura yake siijui.
Mvua ilikuwa kubwa. Nauli ilikuwa ndogo.

Siku hizi ni binti Swabra, karani, ghorofani Ganjoni.
Anaipiga hati picha, anatafuta jina, anabonyeza.
Tiki moja. Tiki mbili.
Zikigeuka buluu anakipiga picha kioo,
anaambatisha na kiapo,
na chai yake haijapoa amefikia watu saba.
Sheria imeruhusu, na magoti yangu hayana pingamizi.
Tiki haiumwi na mbwa.
Tiki haiendi kwa Mwanapili kusema uongo.

Ila namkumbuka Kadzo wa Magongo.
Nilimpelekea notisi ya kuhama plotini, jua la saa saba.
Akaigeuza juu chini.
"Nisomee, baba. Hii karatasi ina hasira gani?"
Haikuwa kazi yangu. Nikavuta kigoda.
Nikasoma aya kwa aya.
"Mlalamikiwa ndiye nani?"
"Ndiye wewe."
"Mimi? Na hata kulalamika sijawahi!"
Tarehe nikaizungushia wino,
na siku ile alifika mahakamani kabla ya anayefungua mlango.
Tiki ya buluu ingekaa wapi
kwenye simu yake ya vibonyezo, betri imefungwa kwa mpira?

Alhamisi usiku, simu yangu ikalia mlio mfupi.
Namba ngeni. Faili.
Jina langu zima, Mwakio Nyambu Kilambo,
na hilo la babu hulitaja serikali na wanaodai tu.
Nikajua: mkopo wa pikipiki.

Sikufungua. Nikazima taa,
kana kwamba simu huchungulia chini ya mlango.
Nikatembea kwa ncha za vidole
ndani ya chumba ninacholipia mwenyewe.
"Babu, nani huyo?" akauliza mjukuu.
Nikasikia kinywa changu:
"Sema hayupo."

Tiki mbili, za kijivu.
Huko aliko Swabra labda amekwisha lala.
Mimi ningengoja. Ningeketi kwenye ngazi, ningekohoa,
ningemuuliza jirani bei ya nyanya
hadi aliyemo ndani aone haya.
Nilitega sikio. Hakuna aliyekohoa nje.

Basi nikavuta kigoda.
Nikaisoma kwa sauti, aya kwa aya, gizani,
uso wangu umepakwa mwanga wa kioo.
Mlalamikiwa ndiye nani?
Ndiye wewe.
Nilipofika kwenye tarehe
nikaizungushia kidole, mara mbili, mara tatu.
Haikushika wino.